Ncha ya Pili ya Kilemba

Siku niliyokutana na Ephantus Kiarie, kichwa chake kilikuwa na rangi mbili. Kuanzia nyusi kushuka chini alikuwa mweusi wa jua na moshi wa tanuri, kama fundi yeyote aliyezeekea kazini. Kuanzia nyusi kupanda juu, ngozi ilikuwa nyororo na nyepesi kama ya mtoto anayelala chini ya shuka. Nywele zake fupi zenye mvi zilikuwa zimelala chini, mfano wa nyasi zilizokaliwa na jiwe kwa miaka. Alipoinama kuchungulia chini ya gari langu, mkono wake ulipanda wenyewe kichwani kushika kitu, ukakikosa, ukashuka.

Nilikuwa nimetoka Olenguruone. Barabara ya Keringet ilikuwa imenyeshewa, na springi ya nyuma ikavunjika huko huko kwenye mawe. Nilijikokota hadi Salgaa, na pale kila dereva niliyemuuliza alinipa jibu moja: usipeleke kwingine, nenda Nakuru kwa Kalasinga. Hivyo ndivyo nilivyofika katika gereji ile yenye ukuta wa mabati na mti wa pilipili uani, ambapo springi za malori zilizolala hupashwa moto na kugongwa mpaka zipinde tena.

Dereva mmoja wa lori, Kiptanui, alikuwa ameketi juu ya gurudumu akisubiri springi zake. Alimwita fundi kwa sauti.

"Singh! Leo pia umeacha taji nyumbani?"

"Taji iko kwa wenyewe," Ephantus akajibu kutoka chini ya gari. "Wewe shughulika na breki zako."

Nilimwuliza Kiptanui kwa nini anamwita Mkikuyu Singh. Akacheka. Alisema zamani madereva wageni wakiingia hapa walikuwa wakiuliza Singh ni nani, nao mafundi walikuwa wakiwajibu: yule mweupe ama yule mweusi? Kwa maana mwenye gereji, Balwant Singh, alikuwa na kilemba, na fundi wake mkubwa pia alikuwa nacho.

"Huyu ni Mkorino, boss, wale wa kanisa la vilemba vyeupe. Sasa kanisa wamemvua. Na Mkorino bila kilemba ni kama lori bila namba. Inatembea, lakini kila mtu anaiangalia."

"Alifanya nini?"

Kiptanui aliinamisha kichwa na kushusha sauti. "Alifunga Mhindi kilemba."

Springi yangu ilikuwa tayari kesho yake. Mimi sikuwa tayari kuondoka. Nimeona vilemba Omdurman na Amritsar, nimeona vya Lamu na vya Sokoto, na popote nilipopita kilemba kilikuwa kitu kinachowatambulisha watu na kuwatenga na wengine. Sikuwahi kusikia mtu aliyepoteza chake kwa sababu ya kumfunga mwingine. Nikapanga chumba karibu na stendi, na kila asubuhi nikawa naenda gereji kama mtu aliyeajiriwa. Ephantus alinizoea. Alikuwa akisimulia huku anafanya kazi, na palipokuwa pazito aligonga chuma kwanza.

Alizaliwa Njoro, kwenye shamba lililokuwa la mzungu kabla halijagawanywa ekari kwa ekari. Wazazi wake walikuwa Wakorino, na yeye alivishwa kitambaa cheupe kichwani kabla hajajua kukaa. Shuleni watoto walikuwa wakikirusha kama mpira. Alipokuwa kijana mzima, kanisa lao lilimfunga rasmi. Kule kwao kitambaa kipya hunyooshwa na watu wawili juu ya kichwa cha anayefungwa, watu wote wakiwa miguu mitupu na mikono juu wakiomba amani, neno lao likiwa Thaai. Ncha moja hushikwa na mzee wa kanisa, ambaye ndiye anayefunga. Ncha ya pili hushikwa na baba, au mtu anayesimama mahali pa baba. Siku ile baba yake alishika kwa mikono iliyokuwa bado na udongo wa viazi. Ephantus aliniambia hilo mara nyingi, kana kwamba ule udongo ndio uliokitakasa.

Alikuja mjini kutafuta kazi. Kila gereji walimwangalia kichwa wakasema hakuna nafasi. Balwant Singh pia alimwangalia kichwa.

"Unafunga kila asubuhi?"

"Ndiyo."

"Hata kama umechelewa?"

"Hata kama nimechelewa."

"Basi hutachelewa. Kuja kesho."

Hawakuzungumza tena habari za vilemba kwa miaka mingi. Walizungumza vyuma. Singh alikuwa akiishi juu ya gereji na mkewe, na kila asubuhi alishuka akiwa na kilemba kilichochongoka mbele, mikunjo yake imepangika kama kurasa. Ephantus alikuwa na chake cha mviringo, kilicholala chini hadi masikioni. Kila mmoja alimwona mwenzake, akaendelea na kazi.

Kisha mke wa Singh akafariki. Baada ya matanga Ephantus alipanda juu asubuhi kuchukua funguo, akakuta mlango wazi. Mzee alikuwa katikati ya chumba, nywele zimefungwa fundo, ameshika kitambaa kirefu kama chumba chenyewe. Mwisho wake wa pili ulikuwa umefungwa kwenye kitasa cha mlango. Alikuwa akikivuta akijaribu kukikunja kwa urefu, na kila alipokivuta kililegea na kugusa sakafu. Kitambaa kile hukunjwa na watu wawili. Maisha yake yote mkewe ndiye aliyekuwa akishika ile ncha.

Ephantus alivua viatu mlangoni. Hakuambiwa, kwake kilemba kinapofungwa viatu vinavuliwa. Akafungua fundo kwenye kitasa, akashika ncha, akarudi nyuma mpaka kitambaa kikanyooka. Tangu siku hiyo alianza kufika mapema, na kanisani hakuna aliyemwuliza, kwa sababu kushika si kufunga.

Halafu kiharusi kikaja. Kilimchukua mzee mkono wa kulia na nusu ya mdomo. Mwanawe aliyeko Leicester, Uingereza, aliajiri msichana wa kumtunza, Chepchumba, mzaliwa wa Olenguruone, Mkatoliki mwenye mdomo mwepesi. Alituma pia kilemba kilichoshonwa tayari, cha kuvaa kama kofia. Mzee alikiangalia akamwambia Chepchumba ampe paka alalie. Kijana mmoja wa gurudwara, hekalu la Makalasinga, alikuja akamfunga vizuri sana, huku machozi yakimtoka kwa huruma. Mzee alimshukuru. Kijana alipoondoka, alikivuta kwa mkono wa kushoto mpaka kikatoka.

"Amenifunga kama maiti," akasema.

Hakutoka tena chumbani. Alikataa kuonekana kichwa wazi, na alikataa kufungwa na mtu anayemlilia. Ikakaribia siku ambayo kila mwaka hekaluni humkumbuka mkewe kwa maombi. Hakuwahi kuikosa. Asubuhi moja alimwita Ephantus, akamwonyesha kitambaa kwa kidevu.

"Ephantus. Ncha unajua. Sasa jua kichwa."

Ephantus alirudi nyumbani akamweleza mkewe, Wangui. Wangui alikuwa akichambua mboga. Hakuinua macho.

"Mwambie hapana."

"Amekuwa mzee wangu tangu tuoane."

"Sijasema umchukie. Nimesema hapana. Ukimfunga lazima uombe, sindio? Na ukiomba, umemwombea kwa nani, Baba Njoki?"

Ephantus alijua wazee wa kanisa wangesema nini. Kwao mkono unaomfunga mtu wa madhabahu nyingine umefungua madhabahu nyingine, na hauwezi kurudi tu kuinuliwa pamoja na mikono ya wengine. Angevuliwa. Na mtu wa umri wake, aliyekulia ndani ya kitambaa kile, angekuwa nani akiwa kichwa wazi? Aliniambia kwamba aliwaza hivyo njia nzima ya kwenda kazini siku ile ya maombi, akiwa ameamua kukataa, na kwamba alipanda ngazi akiwa bado ameamua kukataa.

Alimkuta mzee ameketishwa dirishani, Chepchumba amemfungulia nywele azichane.

Hapa Ephantus aliacha kugonga chuma. Aliweka nyundo chini.

Alikuwa ameona ncha ya kitambaa kila siku, lakini nywele zile alikuwa ameziona zikiwa fundo tu. Sasa zilimwagika mabegani zikapita kiti, nyeupe, zikashika mwanga wa asubuhi mpaka ukuta wa nyuma ukang'aa. Hazikuwa zimewahi kukatwa. Ncha za chini, Chepchumba alimwambia, ndizo alizozaliwa nazo. Zilikuwa nyembamba kama uzi wa buibui. Mtu mzima alikuwa ameketi pale akiwa amebeba mgongoni kila mwaka alioishi.

"Nilisimama tu pale mlangoni," Ephantus alisema. "Nilikuwa nafikiria hawa watu huficha upara. Kumbe wanaficha kitu kama hiyo."

"Shika kama unashika mtoto, Baba Njoki," Chepchumba alimwambia, akampa kitana cha mbao.

Akachana. Akafunga fundo. Wakakunja kitambaa, Chepchumba akishika ile ncha ya pili. Kilikuwa cheupe, kwa sababu ilikuwa siku ya kumkumbuka marehemu. Kisha Ephantus akasimama nyuma ya mzee, na kabla hajajua anafanya nini mikono yake ilikuwa juu, viganja wazi, akasema Thaai. Alifumba macho. Mikono ikafanya kazi ambayo imekuwa ikiifanya kila asubuhi tangu utoto.

Alipofumbua macho alitaka ardhi immeze. Kilemba kilikuwa kimekaa imara, cha mviringo, kimelala chini hadi masikioni. Mbele yake alikuwa ameketi mzee wa Kikorino mwenye ndevu nyeupe.

Ukutani palikuwa na kioo cha pembeni cha lori, kilichoangikwa pale zamani. Mzee alikitazama kwa muda mrefu. Mabega yakaanza kutikisika. Ephantus alidhani kiharusi kimerudi.

"Chepchumba!" mzee akaita kwa nusu ya mdomo iliyobaki. "Kuja uone! Nimeokoka!"

Chepchumba aliketi sakafuni akacheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa mara ya kwanza mzee kucheka tangu augue. Ephantus peke yake hakucheka. Alianza kukifungua.

"Wacha," mzee akasema. "Saa imeenda."

"Mzee, watu watasema."

"Watu walianza kusema babu yangu aliposhuka kwa gari la moshi. Hawajamaliza. Mungu anatafuta kichwa imefunikwa. Hatafuti fundi."

Kwa hiyo walienda hivyo. Ephantus alisukuma kiti cha magurudumu akiwa na nia ya kubaki nje. Mlangoni palikuwa na mhudumu mwenye kikapu cha vitambaa vya rangi ya chungwa, ambavyo hupewa wageni wafunike vichwa, na nyuma yake rafu za viatu. Mhudumu alimtazama mzee. Akamtazama Ephantus kichwa, kisha miguu, ambayo tayari ilikuwa mitupu kwa sababu alikuwa amevua viatu bila kufikiri alipoona wengine wamevua.

"Wewe sina kitu ya kukupea," mhudumu akasema. "Ingia."

Aliniambia jinsi palivyokuwa ndani kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwaga alichobeba. Hapakuwa na viti. Wanaume walikaa sakafuni upande mmoja, wanawake upande mwingine, wote wamefunika vichwa, kama kwao Njoro. Vigoma viwili vidogo vilikuwa vikipigwa kwa vidole, na kifua chake kikajibu kabla hajakikataza, kwa sababu alikulia kwenye ngoma ya maombi. Mbele, mahali ambapo alitarajia sanamu, palikuwa na kitabu. Kitabu tu. Kimelazwa juu ya mito, kitambaa kimetandazwa juu yake kama paa, na mzee mmoja anakipungia usinga polepole, vile anavyopungiwa mfalme asiguswe na nzi. Usiku, Singh alikuwa amemweleza, hukifunika na kukilaza katika chumba chake chenyewe, asubuhi hukiamsha.

"Sisi tunabeba Biblia kwa mfuko pamoja na mwavuli," Ephantus akaniambia, na hakuwa akitania.

Watu walikiona kilemba cha Balwant Singh. Rafiki yake wa zamani alisogea akamnong'oneza kwa Kiswahili, makusudi ili Ephantus asikie.

"Balwant, nani amekufunga?"

"Huyu."

Yule rafiki alikigusa kidogo kwa kidole. "Ni sawa. Hii haitaanguka."

Ndipo ikaja sehemu ambayo Ephantus hakuwa ameifikiria. Kila anayeingia huenda mbele ya kitabu akainama mpaka paji la uso liguse sakafu. Mzee alitaka kuinama. Nusu ya mwili wake haikuwa yake. Akamwangalia Ephantus, bila kuomba. Ephantus alimshika kwapani na kiunoni akamtoa kitini, na ili asimwachie ilibidi magoti yake yashuke pamoja na ya mzee, na mgongo wake upinde pamoja na wa mzee. Vilemba viwili vya mviringo vikagusa zulia kwa wakati mmoja.

"Niliinama, ama nilimwinamisha?" aliniuliza. Akaokota nyundo.

Hakungoja habari zimfikie mzee Mburu, anayeongoza kanisa lao. Siku iliyofuata ya ibada alisimama mwenyewe akasema. Baadaye wazee walimketisha kando.

"Ulipomfunga ulisema nini?" Mburu akauliza.

"Nilisema Thaai."

"Kwa nani?"

"Kwa yule ninayemjua. Sina mwingine."

"Ulikula chakula chao?"

"Nilikula dengu na chapati. Wote huko hula pamoja sakafuni, tajiri na ombaomba. Halua ya madhabahuni nilipewa mkononi. Nilimpa mzee, akala yake na yangu."

Mmoja wa wazee alitaka kucheka, akakohoa. Mburu hakucheka. Alisema kosa la siku moja linaweza kuombewa likaisha. Kilichotakiwa ni ahadi kwamba hatarudia.

"Siwezi kuahidi," Ephantus akasema. "Asubuhi ya mzee Singh itakuwa aje?"

Wakamvua. Mburu alikifungua mwenyewe, mzunguko kwa mzunguko, taratibu, bila hasira. Nyumbani Wangui alikipokea, akakifua, akakikunja, akakiweka sandukuni. Hakumwambia, "Nilikuonya." Lakini ibadani alianza kuketi mbali zaidi na mlango, kwa sababu mlangoni, miongoni mwa wageni na waliotengwa, ndipo mumewe alipoketi sasa akiwa kichwa wazi.

Na kila asubuhi aliendelea kupanda ngazi za gereji. Alijifunza kukifunga vile Singh anavyotaka, mzee akimwongoza kwa kidole cha mkono wa kushoto: hapa vuta, hapa laza, hapa acha ionekane. Kilikuwa bado kinaegemea upande kidogo. Nilikiona nilipoalikwa juu kunywa chai. Nilimwuliza mzee kama anajua ni kitu gani Ephantus amelipa kwa ajili yake. Alitazama dirishani.

"Mimi najua," akasema. "Nimemwambia awache. Amekataa. Nimemwambia nitamfuta kazi. Akasema sawa, atakuwa anakuja kabla ya saa za kazi."

Asubuhi niliyokusudia kuondoka, nilikuwa uani na Kiptanui, aliyerudi na springi nyingine. Lango lilisukumwa. Aliingia mzee mrefu mwenye kanzu nyeupe na kilemba cheupe, fimbo mkononi.

"Wameongezeka," Kiptanui akanong'ona. "Boss, hii gereji itageuka kanisa."

Ndiye Mburu, na hakusalimu kwa mkono. Aliinua kiganja. "Amani. Ephantus yuko wapi?"

Kiptanui alionyesha juu. Mburu akapanda. Nami nikafuata nyuma, bila haki yoyote ya kufuata.

Mlango ulikuwa wazi. Viatu vya Ephantus vilikuwa nje, vimeelekezwa ukutani. Ndani, Chepchumba alikuwa amepiga magoti kando ya mzee Singh, amemshika mabega asianguke, kwa maana siku hiyo alikuwa ameamka dhaifu. Nywele zilikuwa bado wazi. Ephantus, kichwa wazi, alikuwa akizichana, na mzee alikuwa akitamka maneno yake ya asubuhi kwa sauti isiyosikika vizuri, yale yale ambayo watu wake hutamka alfajiri.

Mburu alisimama kizingitini. Niliona anaangalia zile nywele. Niliona akizifuata kwa macho kutoka juu hadi zinapokaribia kugusa sakafu. Mkono wake ulipanda ukashika ndevu zake mwenyewe, ambazo wembe haukuwahi kuzigusa.

Kisha akasema, "Na huyu hajawahi kunyoa?"

Wote waligeuka. Ephantus alibaki na kitana hewani. Mzee Singh ndiye aliyejibu, taratibu, akipigania kila neno.

"Aliyenipa hajasema anataka nusu irudi."

Mburu akavua viatu, akavipanga kando ya vile vya Ephantus, lakini hakuingia zaidi ya mlangoni. Ephantus akaendelea, nadhani kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Akafunga fundo. Akachukua kitambaa, siku hiyo cha buluu. Chepchumba hakuweza kumwachilia mzee, kwa hiyo Ephantus alikifunga mwisho wake kwenye kitasa cha mlango, akarudi nyuma, akavuta. Kikalegea. Akavuta tena. Kikalegea kikagusa sakafu.

Kitasa kilikuwa karibu na kiwiko cha Mburu. Alikitazama kile kitambaa kilichogusa sakafu kama mtu anayetazama mtoto aliyeanguka mbele ya nyumba isiyo yake. Kisha akaegemeza fimbo ukutani. Akafungua fundo. Akashika ncha kwa mikono miwili, akarudi hatua nyuma, na kitambaa kikanyooka chumba kizima, buluu, kikavuma kidogo kama waya wa simu.

Ephantus akakunja. Mburu akakunja upande wake, kwa sababu hata mikono yake ilijua. Wakakaribiana mkunjo kwa mkunjo mpaka wakabaki uso kwa uso, na Mburu akamkabidhi ncha.

"Endelea," akasema.

Alisimama pale mpaka kilemba kikaisha. Halafu akavaa viatu, akachukua fimbo, na kwenye ngazi akageuka.

"Siku ya ibada, mwambie Wangui alete kile kitambaa."

"Nani atashika ncha?" Ephantus akauliza. "Baba yangu hayuko."

"Hilo ni lako," Mburu akajibu, akashuka.

Sikuondoka. Siku ya ibada niliendesha gari langu mwenyewe hadi Njoro, Balwant Singh akiwa kiti cha mbele, Chepchumba nyuma akimfanyia mzaha kwamba sasa anaokoka kweli. Kanisa lao ni la mabati, limezungukwa na mahindi. Tuliposimama mlangoni na kile kiti cha magurudumu, ngoma ilinyamaza. Wanaume wawili waliinuka wakatoka nje na hawakurudi. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake karibu. Mzee Singh alikuwa ameshavua viatu ndani ya gari, na kichwa chake kilikuwa kimefunikwa tangu alfajiri.

Wangui ndiye aliyekuja. Alipita katikati ya watu wote akiwa na kitambaa kilichokunjwa, kimenyooka kwa pasi. Aliangalia mkono wa kulia wa mzee, uliolala mapajani. Akaiweka ncha katika mkono wa kushoto, akamfunga vidole kimoja kimoja juu yake.

"Shikilia, mzee," akasema. "Yeye alikushikia."

Ephantus alipiga magoti katikati. Mburu alichukua ncha nyingine, akarudi nyuma. Kitambaa kikapanda juu ya kile kichwa cha rangi mbili. Mikono yote ikainuka, na sauti zikaanza chini kabisa, Thaai, kama mvua inapoanza mbali kwenye mabati ya jirani. Mkono wa mzee ulikuwa ukitetemeka kwa uzito. Tetemeko hilo lilipita ndani ya kitambaa, likatembea urefu wake wote juu ya kichwa cha Ephantus, likafika mikononi mwa Mburu, nayo ikaanza kutetemeka pia. Hakuna aliyeachilia.